KIKAPU CHA MKULIMA: SHUKRANI YA MAVUNO ILIANZIA WAPI?



Mahindi yametoka shambani. Kule Trans Nzoia, Uasin Gishu, Nandi na Bungoma, mabua yamekatwa, mashine za kupukuchua zimepita boma baada ya boma, na turubai zimetandazwa uani ili mahindi yakauke kabla ya kuingia ghalani. Mbegu iliyopandwa kwa mvua ya Machi na Aprili sasa ni magunia. Ndiyo maana makanisa mengi msimu huu yanatangaza ibada ya shukrani.

Lakini najua si kila anayesoma ujumbe huu ana la kutangaza. Kuna aliyevuna vizuri, halafu akakaa chini kupiga hesabu: mbolea, mbegu, trekta, vibarua, kodi ya shamba, gari la kubeba. Akaweka hayo upande mmoja, na bei ya dalali upande wa pili, na hesabu ikakataa. Kuna aliyepanda ekari mbili akavuna magunia manne. Ndugu yangu huyo anasikia tangazo la ibada ya shukrani na moyoni anajiuliza: "Mchungaji, mimi nishukuru nini?"

Hilo ni swali la haki, na sitalijibu kwa kelele. Leo nataka tutembee pamoja katika historia, tuone watu wa Mungu walishukuru vipi mavuno yao, na walipokuwa na madeni au ghala tupu walifanya nini. Chukua Biblia yako, tuanze.

1. JIWE DOGO LA GEZERI

Mwaka 1908, mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye R.A.S. Macalister alikuwa akichimba katika magofu ya mji wa Gezeri. Huu ndio mji ambao Farao alimpa binti yake, mke wa mfalme Sulemani (1 Wafalme 9:16). Akapata kipande cha jiwe la chokaa chenye urefu wa karibu sentimita 11, kitu unachoweza kukishika kwa kiganja kimoja. Wataalamu wanakadiria kwamba kiliandikwa karne ya 10 kabla ya Kristo, karibu na siku za Sulemani mwenyewe. Leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya Istanbul, Uturuki, kwa sababu wakati ule nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Waturuki.

Kwenye jiwe hilo hakuna habari za vita wala sifa za mfalme. Kuna kazi za shamba, mwezi kwa mwezi. Miezi miwili ya kukusanya mavuno. Miwili ya kupanda. Miwili ya kupanda kwa kuchelewa. Mmoja wa kukata kitani. Mmoja wa kuvuna shayiri. Mmoja wa kumalizia mavuno. Miwili ya kushughulikia mizabibu. Mmoja wa matunda ya kiangazi. Jumla ni miezi 12.

Mpendwa, naomba uone jambo hili. Unaposoma Biblia na kukutana na habari za mavuno, usidhani ni mfano tu wa mahubiri. Waliosikia maneno yale kwanza walikuwa wakulima, watu wenye tope miguuni. Na shamba lao lilifanana na lako kwa jambo moja kubwa: lilitegemea mvua. Musa aliwaambia wazi katika Kumbukumbu la Torati 11 kwamba nchi wanayoiendea si kama Misri, ambako mtu alinywesha bustani yake mwenyewe. Kanaani ilikunywa maji ya mbinguni. Mvua ya kwanza ikichelewa, hakuna kupanda. Mvua ya mwisho ikikosa, suke halijai. Mkulima wa Israeli aliinua macho juu kama unavyoinua wewe mwezi wa Machi, ukiyatazama mawingu na kuhesabu siku.

Kwa hiyo imani ya mkulima haikuanza siku ya kuvuna. Ilianza siku ya kupanda. Zaburi 126 inazungumza juu ya mtu anayetoka kupanda huku akilia. Kwa nini alie? Mkulima maskini anajua jibu. Mbegu aliyoibeba ni chakula. Angeweza kuwapikia watoto jioni hiyo. Badala yake anaifukia ardhini, na hana hati yoyote mkononi inayomhakikishia kwamba itarudi.

2. SIKUKUU TATU, NA JINA LETU

Mungu aliwapa Israeli sikukuu tatu ambazo watu walikwea kwenda mbele zake, na zote tatu zilifungamana na shamba. Soma Kutoka 23 na Walawi 23.

Ya kwanza iliambatana na Pasaka, shayiri inapoanza kuiva. Mganda wa kwanza uliletwa kwa kuhani kabla mtu hajaonja nafaka mpya. Ya pili ilikuja baada ya kuhesabu majuma saba, wakati wa ngano. Ya tatu ilikuwa ya mwisho wa mwaka wa shamba, katika mwezi wa saba, nafaka na zabibu zikiwa zimekwisha kukusanywa. Hiyo ndiyo Sikukuu ya Vibanda, iliyoitwa pia sikukuu ya kukusanya.

Sasa tuirudie ile ya pili. Wayahudi waliozungumza Kiyunani waliiita kwa neno lenye maana ya siku ya hamsini. Neno hilo ni Pentekoste.

Umeliona hilo? Sisi tunaitwa Wapentekoste, na tunapolisikia jina hilo tunawaza ndimi za moto na chumba cha juu. Ni kweli. Lakini siku ile Roho alipomwagwa, Yerusalemu ilikuwa imejaa watu waliokuja kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Jina letu lenyewe linanukia ngano mbichi. Kanisa la Kipentekoste lisilojua kushukuru pamoja na mkulima limesahau maana ya jina lake.

3. KIKAPU NA MANENO YAKE

Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mungu anamwambia mkulima achukue malimbuko, ayatie katika kikapu, ayapeleke mahali alipopachagua, na kuhani akipokee kikapu hicho. Kisha mkulima aseme maneno. Je, aseme nini?

Ungetarajia aseme, "Bwana, nakushukuru kwa magunia kumi." Hasemi hivyo. Anaanza mbali sana. Anasema baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache. Anaeleza jinsi walivyoteswa na kufanywa watumwa. Anaeleza walivyomlilia Mungu, naye akasikia, akawatoa, akawaleta katika nchi hii. Mwisho kabisa ndipo anasema kwamba sasa ameleta matunda ya ardhi aliyopewa.

Mpendwa, hiyo ni historia. Kabla mkulima hajasema "nimeleta," anasema "tulikuwa." Shukrani yake haianzi kwenye mzani wa dalali, inaanza kule alikotolewa.

Sasa nikuonyeshe sherehe hiyo ilifanyikaje siku za Hekalu. Walimu wa Kiyahudi walihifadhi mapokeo hayo katika kitabu kiitwacho Mishna, kilichokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Wanaeleza kwamba mkulima alishuka shambani, na alipoona tini ya kwanza kuiva, au kishada cha kwanza cha zabibu, au komamanga, alilifunga tunda hilo kwa ukindu na kulitangaza kuwa limbuko. Hakungoja kuona kama msimu mzima utakuwa mzuri. Tunda la kwanza tu, akaliwekea alama.

Kisha watu wa eneo moja walikusanyika na kusafiri pamoja. Waliotoka karibu walileta tini na zabibu mbichi. Waliotoka mbali walileta zilizokaushwa. Ng'ombe dume alitangulia mbele, pembe zake zimepakwa dhahabu, na taji la majani ya mzeituni kichwani. Filimbi ililia njia nzima. Walipokaribia Yerusalemu, mafundi wa mjini walisimama kutoka kazini na kuwasalimu. Walipofika mlima wa Hekalu, kila mtu alikibeba kikapu chake begani, hata mfalme Agripa. Matajiri walileta malimbuko katika vikapu vya fedha na dhahabu. Maskini walileta katika vikapu vya fito za mti zilizobanduliwa maganda.

Kila mmoja alisimama kusema maneno yale. Hapa pana jambo lililonigusa sana.

Hapo mwanzo, aliyejua kuyasoma aliyasoma mwenyewe, na asiyejua alisomewa na kuhani neno kwa neno, akafuatisha. Ni utaratibu mzuri, sivyo? Lakini matokeo yake yalikuwa mabaya. Wale wasiojua kusoma waliacha kuleta malimbuko. Kilichowazuia hakikuwa kukosa matunda, wala kukosa imani. Ilikuwa aibu. Hawakutaka umati wote uone kwamba wao hawajui.

Unajua viongozi walifanya nini? Hawakuwahubiria kwamba wamerudi nyuma, wala hawakuwatoza faini. Waliubadilisha utaratibu. Waliamua kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atasomewa, anayejua na asiyejua, na wote watafuatisha. Msomi akasimama sawa na asiyesoma, na mkulima aliyekuwa akijificha nyumbani akarudi na kikapu chake.

Wachungaji wenzangu, wazee wa kanisa, kamati za maendeleo, tusome hapo polepole.

4. KIBANDA WAKATI GHALA IMEJAA

Sikukuu ya mwisho, ile ya Vibanda, ilikuja wakati ambapo mkulima alikuwa na kila sababu ya kukaa nyumbani na kufunga mlango. Nafaka iko ndani. Zabibu zimekamuliwa. Wakati huohuo Mungu anamwambia: toka nje, ukae siku saba katika kibanda cha matawi, ili vizazi vyako vijue kwamba nilipowatoa Misri niliwakalisha katika vibanda (Walawi 23).

Kwa nini wakati huo? Kwa sababu mtu mwenye ghala iliyojaa husahau upesi. Onyo hilo liko katika Kumbukumbu la Torati 8: ukishakula na kushiba, na mifugo yako ikaongezeka, jihadhari usije ukasema moyoni kwamba ni nguvu zako. Kibanda kilikuwa dawa ya ugonjwa huo. Usiku, ukiwa umelala chini ya matawi, huna paa la mabati la kujivunia kuliko jirani. Wote mko kwenye majani.

Na ukisoma Kumbukumbu la Torati 16, Mungu anataja waliopaswa kufurahi katika sikukuu hiyo: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Hakuna shukrani ya mavuno katika Torati ambayo mtu anaila peke yake. Hata kabla ya sikukuu, sheria ilimkataza mkulima kuvuna mpaka ukingoni mwa shamba. Pembe ziachwe, na masuke yaliyoanguka yasiokotwe, ni ya maskini na mgeni. Ni kwa sheria hiyo Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, alipata chakula katika shamba la Boazi wakati wa mavuno ya shayiri, na kutoka kwa mama huyo akaja ukoo wa Daudi.

5. NA MWENYE DENI JE?

Sasa turudi kwa ndugu yetu aliyeuliza, "Nishukuru nini?" Twende Nehemia.

Ni karibu mwaka 445 kabla ya Kristo. Watu wamerudi kutoka uhamishoni na wanajenga ukuta wa Yerusalemu. Katika sura ya 5 kilio kikubwa kinasikika. Wakulima wanasema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili kumlipa mfalme kodi. Watoto wao wameanza kuchukuliwa utumwani kwa sababu ya deni. Na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe.

Angalia Nehemia hakufanya nini. Hakuwaambia wale wakulima, "Acheni kunung'unika, leteni sadaka ya shukrani mtabarikiwa." Alikasirika. Aliwaita wakuu na kuwaambia warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba siku hiyo hiyo, na waache riba waliyokuwa wakitoza. Nao wakakubali mbele ya makuhani.

Ukuta ukakamilika mwezi wa sita, siku ya 25, baada ya siku 52. Kisha, katika mwezi wa saba, sura ya 8, watu wanakusanyika kusikia Torati. Wanalia. Nehemia anawaambia wasihuzunike, waende wakale na kunywa, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Siku chache baadaye wanakata matawi milimani, wanajenga vibanda juu ya dari zao na katika nyua zao, wanashika Sikukuu ya Vibanda kwa furaha kubwa ambayo haikuwa imeonekana namna hiyo tangu siku za Yoshua.

Mpendwa, fuata mpangilio huo. Kwanza kilio kilisikika. Kisha haki ikatendeka. Kisha furaha ikaja, na furaha yenyewe ilikuwa na sahani ya jirani ndani yake. Hatuwezi kuruka hatua mbili za kwanza tukadai ya tatu.

Kwa hiyo wewe mwenye deni, kilio chako si ukosefu wa imani. Hata Habakuki, karibu na siku ambazo Wakaldayo walikuwa wakija kuiangamiza nchi, alianza kitabu chake kwa kumuuliza Mungu mpaka lini. Ni huyu huyu aliyefika sura ya 3 akasema kwamba hata mtini usipochanua, mizeituni ikose zao na zizi likose ng'ombe, yeye atamfurahia Bwana. Hakufika pale kwa kujifanya ghala imejaa. Alitaja kila kilichokosekana, kimoja kimoja, kisha akamtaja Mungu ambaye hakukosekana.

6. NASI TULIIPOKEAJE?

Watu wetu walijua kushukuru kabla ya Biblia kufika. Wanandi, kwa mfano, walikuwa na sherehe ya mavuno iitwayo kipsunde, na chakula chao wakati huo kilikuwa wimbi na mtama. Mahindi ni mgeni aliyezoea. Yalitoka bara la Amerika, yakaletwa Afrika Mashariki kupitia pwani enzi za Wareno, na yakatawala mashamba ya bara hasa katika karne ya 20.

Ibada ya mavuno kama tunavyoijua makanisani ina njia yake pia. Mwaka 1843 kasisi Robert Hawker wa Morwenstow, huko Cornwall, Uingereza, aliwaalika washarika wake kanisani kushukuru kwa ajili ya mavuno. Desturi hiyo ilienea Uingereza, na wamisionari wakaja nayo. Sisi tukaiongezea ladha yetu: ngoma, vigelegele, ndizi, kuku, gunia la mahindi madhabahuni, na mnada baada ya ibada.

Mnada una furaha yake. Lakini tukumbuke kikapu cha fito. Tunaposoma majina na kiasi alichotoa kila mtu, na makofi yakawa makubwa kwa huyu na madogo kwa yule, kuna mama mwenye gorogoro moja ya maharagwe aliyebaki nyumbani Jumapili hiyo. Tusiseme amepoa kiroho. Huenda utaratibu wetu ndio uliomfungia mlango. Wazee wa Yerusalemu walijua kubadilisha utaratibu ili maskini arudi. Sisi tunashindwa nini?

7. WIKI HII FANYA HAYA MATATU

Kwanza, simulia historia ya shamba lako. Keti na watoto jioni. Waambie babu alifikaje hapo, labda kama kibarua, labda kupitia skimu za makazi za miaka ya 1960. Waambie juu ya ukame wa 1984. Waambie juu ya ugonjwa wa mahindi wa MLN ulioripotiwa kwanza Bomet mwaka 2011, na viwavi jeshi vamizi walioingia mwaka 2017. Kisha waambie, "Na bado tuko hapa." Hayo ndiyo maneno ya kikapu. Hata aliyevuna magunia manne ana historia ya kusimulia.

Pili, acha pembe ya shamba lako. Kabla hujauza, tenga debe au gorogoro kwa ajili ya mtu unayemjua kwa jina ambaye hakuvuna. Mpelekee bila kupiga picha.

Tatu, kama wewe ndiye unayedai, soma Nehemia 5 ukiwa peke yako na daftari lako la madeni. Kama kuna shamba la ndugu uliloshikilia kwa bei ya njaa, sadaka yako ya shukrani inaanzia hapo.

TUOMBE

Baba, asante kwa mvua iliyokuja na kwa mkono ulioshika jembe. Umkumbuke aliyevuna kwa wingi, asikusahau. Umkumbuke aliyevuna kidogo, asione aibu kuja mbele zako. Umkumbuke mwenye deni, umpe mtu wa haki wa kumsikiliza. Fanya makanisa yetu kuwa mahali ambapo kikapu cha fito kinapokelewa kwa heshima. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama unaamini, andika AMINA, kisha utaje jambo moja katika historia ya familia yako ambalo Mungu aliwavusha. Tutasoma na kuombeana. Mtumie ujumbe huu mkulima mmoja unayemjua.

Mbarikiwe, wapendwa. Tukutane ibadani Jumapili, na kikapu chochote ulicho nacho.